Kwa Nini Mbao ya Mbili kwa Nne Haifiki Mbili kwa Nne

[Muziki wa kipindi unaingia, kisha unashuka polepole.]

MTANGAZAJI: Ndugu msikilizaji, baba, mama, na wewe kijana uliyesimama kwenye ubao wa matangazo ukisoma karatasi hii kwa sababu redio ya nyumbani haina betri, leo naanza na deni.

Wiki iliyopita nilisoma hewani ujumbe kutoka zoni moja ambayo wazazi walichanga pesa ili kujenga kibanda cha kusomea watoto. Ujumbe ulisema hivi kwa kifupi: tulimtuma fundi mbao za mbili kwa nne, ameleta nyembamba, amekula pesa za watoto. Niliusoma kama ulivyokuja, tena nikaongeza mzaha wangu mmoja ambao leo sitaurudia. Jina la fundi sikulitaja. Lakini zoni ile ina kibanda kimoja tu kinachojengwa, na fundi wake ni mmoja.

Siku ya tatu mke wa fundi alikuja studio. Hakupiga kelele. Alisema tu kwamba watoto wake wakienda bombani wanaitwa watoto wa mwizi wa mbao, na kwamba mkubwa wao amerudi mara mbili na ndoo tupu kwa sababu hataki tena kupanga foleni. Baada ya hapo alikaa kimya akiniangalia, nami sikuwa na la kujibu.

Basi nilichukua tepu nikaenda kupima. Nilimpima mwuzaji, nikampima fundi, na nikajifunza mambo ambayo ningetakiwa kuyajua kabla sijafungua mdomo. Ndiyo ninayokuletea leo.

[Sauti ya randa juu ya mbao.]

MTANGAZAJI: Kwanza tuelewane juu ya jina. Sisi tuliovuka ziwa kutoka Uvira na Fizi tulizoea kusema madriye, shevro, planshi. Wenzetu Warundi wanayo maneno hayohayo kwa matamshi yao. Ukisema shevro, umetaja aina ya mbao na kazi yake, na kila mtu anajua ni ile ya kubebea bati. Huku tulikofika, mbao inaitwa kwa namba: mbili kwa mbili, mbili kwa nne, moja kwa nane. Namba hizo ni inchi, za unene na za upana. Kwa kuwa ni namba, tunaamini ni kipimo. Hapo ndipo ugomvi unapoanzia.

Inchi moja ni milimita 25.4. Kwa hiyo mbili kwa nne iliyotimia kabisa ingekuwa na unene wa milimita 51 na upana wa milimita 102, tuseme sentimita 5 kwa 10. Nimepima mbao 14 za kibanda kile. Hakuna hata moja iliyofika hapo. Lakini hazikupungua kwa sababu moja, na ukitaka kumhukumu mtu lazima ujue ni sababu ipi.

Tuanze porini, gogo likiwa bado chini. Mpasuaji anapiga mistari juu ya gogo, inchi mbili, inchi mbili, inchi mbili. Halafu anapitisha msumeno juu ya mistari ile. Msumeno nao unakula. Kila unapopita, unageuza sehemu ya mti kuwa unga. Msumeno wa duara wa mashine hula kama milimita 4 au 5. Msumeno wa mnyororo, ule wa kushika mkononi unaolia kama pikipiki, unaweza kula milimita 8 au zaidi. Sasa piga hesabu. Gogo limechongwa likawa na inchi 10, na mpasuaji anataka mbao tano. Atakata mara nne. Mara nne kwa milimita 8 ni milimita 32 zilizoanguka chini zikawa unga. Kinachobaki ukikigawa kwa tano, kila mbao inapata milimita 44, wala si 51. Hapo hakuna aliyeficha kitu mfukoni. Lakini mwuzaji bado ataziita mbao zile mbili kwa nne, na wewe utalipia unga ulioachwa porini.

Mimi naona mpasuaji mwenye heshima angeweka nafasi ya msumeno kwenye mistari yake. Wengine wanaiweka. Wengi hawaiweki, kwa sababu gogo lingetoa mbao nne badala ya tano.

Sababu ya pili ni maji. Kila aliyekausha muhogo anajua: unauanika mnono, unauanua mwembamba. Mti ni vivyo hivyo. Paini iliyoangushwa leo inaweza kubeba maji yenye uzito sawa na mti wenyewe ukiwa mkavu, hata kupita. Maji hayo yamekaa mahali pawili. Mengine yako ndani ya vijibomba vidogo vya mti, kama maji ndani ya jerikani. Yakitoka hayo, mbao inakuwa nyepesi lakini haipungui ukubwa, kama vile jerikani haipungui ukubwa ikimwagwa. Mengine yamenywewa na kuta zenyewe za vijibomba. Maji yote yakishapungua hadi kama asilimia 30 ya uzito wa mti mkavu, ya ndani yamekwisha, na yale ya kwenye kuta yanaanza kutoka. Kuanzia hapo mbao inasinyaa.

Inasinyaa kiasi gani? Kwa urefu, karibu hakuna. Mbao ya futi 12 haitakupotezea hata sentimita moja. Kwa upana na unene ndiyo inaonekana. Mbao ya paini ya upana wa sentimita 10, ikitoka mbichi hadi kavu ya kutumika nyumbani, hupoteza kama milimita 3 au 4 za upana, na kama milimita 2 za unene. Mkaratusi husinyaa zaidi ya paini, tena hupinda. Zikumbuke namba hizi, maana nitazirudia. Maji yanaiba milimita chache tu. Hayaibi sentimita nzima.

Sababu ya tatu ni randa uliyoisikia ikilia. Mbao ikitoka kwenye msumeno ina manyoya, inachoma mkono. Kwa kenchi za paa haina shida, itajificha chini ya bati. Lakini kwa mlango, meza au benchi la watoto lazima ipigwe randa. Maranda yanayoanguka chini, yale tunayowatandikia kuku, ni milimita zako. Kila uso ukitoa milimita 2 au 3, na mbao ina nyuso mbili kwa unene na mbili kwa upana, umepoteza kama milimita 5 kila upande wa kipimo.

Sasa jumlisha. Mbao iliyokatwa ikatimia, milimita 51 kwa 102. Maji yametoka na 2 za unene na 4 za upana. Randa imetoka na 5 na 5. Umebaki na 44 kwa 93.

Katika zile mbao 14, kumi zilikuwa laini, kavu, zimenyooka, za kutengenezea madawati na fremu ya mlango. Nilizipima moja baada ya nyingine, mwanzoni, katikati na mwishoni. Zilisoma 44 kwa 93, ikizidi milimita moja au ikipungua moja.

[Muziki mfupi.]

MTANGAZAJI: Fundi ana mdogo wake aliyehamishiwa Marekani, ambaye siku hizi anafanya kazi ya kujenga nyumba. Ugomvi ulipoanza, fundi alimtumia picha ya mbao. Mdogo mtu akajibu kwa sauti, huku akicheka: kaka, huku mbili kwa nne ni milimita 38 kwa 89, nchi nzima, na hakuna anayemwita mwenzake mwizi.

Mimi sikuamini. Nikauliza, nikasoma, ni kweli. Na habari yenyewe ina mafunzo kwetu, hebu niisimulie.

Zamani huko, kila mji ulikuwa na kiwanda chake cha kupasua mbao karibu. Ulinunua mbichi, imetoka kwenye msumeno, na mbili kwa nne ilikuwa karibu na mbili kwa nne kweli. Misitu ya karibu ilipokwisha, mbao zikaanza kuja kwa treni kutoka mbali sana. Treni hulipwa kwa uzito. Kwa hiyo wenye viwanda wakaanza kuzikausha na kuzipiga randa kabla ya kuzipakia, ili wasilipie nauli ya maji na maranda. Ni akili nzuri. Lakini kila kiwanda kilipunguza kwa kadiri yake. Huyu anatoa nene, yule nyembamba, na zote zinaitwa jina moja. Anayepunguza zaidi ndiye anayeuza kwa bei ya chini zaidi, basi mwenzake naye anapunguza.

Ikabidi wakae chini. Aliyewaita mezani katika miaka ya 1920 alikuwa Herbert Hoover, Waziri wa Biashara wa Marekani, yule aliyekuja kuwa Rais mwaka 1929. Nikiongeza jambo dogo pembeni: huyu ndiye aliyesimamia chakula cha msaada kwa watu wa Ubelgiji wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia. Kwa hiyo mambo ya kupima na kugawa alikuwa ameshayaona, kama sisi siku ya posho. Mwaka 1924 ikatoka kanuni ya kwanza ya nchi nzima: mbili kwa nne iliyopigwa randa iwe inchi moja na sehemu tano za nane kwa inchi tatu na sehemu tano za nane. Ugomvi haukuisha, maana viwanda viliendelea kuvutana, huyu anataka nene, yule anataka nyembamba. Mwaka 1970 ikatoka kanuni mpya inayotumika hadi leo: inchi moja na nusu kwa tatu na nusu, ikiwa kavu. Na kavu nayo ikapewa maana, maji yasizidi asilimia 19. Ikiuzwa mbichi, inaachwa nene kidogo, sehemu moja ya kumi na sita ya inchi, ili ikishakauka iwe sawa na mwenzake.

Angalia walichofanya. Jina hawakuligusa. Bei, michoro ya nyumba, hesabu za maghala, vyote viliandikwa kwa jina la zamani. Waliandika chini ya jina ukubwa wenyewe, na wakaufanya uwe mmoja kwa wote. Ukipima mti uliomo, mbili kwa nne ya Marekani imepungukiwa na zaidi ya theluthi moja ya kile ambacho jina linakuahidi. Lakini fundi wa kaskazini na fundi wa kusini wanajua imepungua kiasi gani kabla hawajatoka nyumbani.

Hata hivyo wapo waliokasirika. Mwaka 2017 wateja wawili walilipeleka duka moja kubwa mahakamani mjini Chicago, kwa sababu mbao iliyoitwa nne kwa nne ilikuwa tatu na nusu kwa tatu na nusu. Jaji aliitupa kesi. Kibandiko kilisema 4x4 bila kuandika inchi kwenye namba hizo, na mnunuzi angeweza kupima.

Hapa kwetu sokoni mwuzaji hana kibandiko. Ana mdomo wake na wewe una macho yako. Ndiyo maana siwezi kukuambia kwamba kila mbao iliyopungua haina kosa.

Turudi kwenye kibanda. Nimesema mbao zilikuwa 14 na kumi nimezieleza. Nne zilizobaki zilikuwa za kenchi. Hizi hazikupigwa randa, zina manyoya bado. Zilikuwa mbichi, nilipokandamiza kucha maji yakatokeza. Nilipozipima zikasoma milimita 40 kwa 85.

Fikiri pamoja nami. Randa haijapita, kwa hiyo randa haikuchukua kitu. Maji bado yamo, kwa hiyo kukauka hakujachukua kitu, tena kutachukua baadaye. Msumeno wa mnyororo ungeeleza milimita 6 au 8. Hapa zimekwenda 11 za unene na 17 za upana. Mbao hii ilikatwa hivi kwa makusudi, ikapewa jina la dada yake mkubwa.

Nilikwenda kwa mwuzaji pamoja na fundi. Alisema, hiyo ndiyo mbili kwa nne yangu, kila mtu ananunua. Fundi alikuwa na karatasi ya manunuzi, imeandikwa mbili kwa nne, vipande 14, bei moja kwa vyote. Pesa ya wazazi ilifika yote dukani. Ninasema hivi wazi, kwa sauti ileile niliyotumia wiki iliyopita: fundi hakula pesa ya watoto. Kosa lake, na amelikubali mbele yangu, ni kwamba alizipima zile kumi za madawati na hizi nne hakuzipima, kwa sababu jua lilikuwa limezama na lori linaondoka.

[Kimya kifupi.]

MTANGAZAJI: Utauliza, sentimita moja ni kitu gani? Kwenye benchi si kitu. Kwenye paa ni kitu kikubwa, na hapa naomba usikilize kwa makini, maana chini ya paa lile watakaa watoto.

Nguvu ya mbao inayobeba mzigo haihesabiwi kwa unene tu. Unachukua unene, unazidisha kwa kimo, halafu unazidisha kwa kimo tena. Kimo ni ule upana uliosimama wima, kuelekea juu. Mbao ya sentimita 5 kwa 10 iliyosimamishwa: 5 mara 10 mara 10, ni 500. Mbao ya sentimita 4 kwa 8 na nusu: 4 mara 8.5 mara 8.5, ni 289. Umepoteza sentimita moja huku na moja na nusu kule, lakini nguvu imebaki zaidi kidogo ya nusu. Anayesema ni nyembamba kidogo tu hajapiga hesabu hii.

Na ukiwa hapohapo, jambo ambalo nimeliona kwenye vibanda vingi: kenchi imelazwa bapa kwa sababu ni rahisi kupigilia misumari. Mbao ileile nzuri ya 5 kwa 10, ukiilaza, inakuwa 10 mara 5 mara 5, yaani 250. Umelipia mbao moja ukaitupa nusu. Isimamishe.

Fundi anasema zile nne nyembamba zinaweza kutumika, ila si kwa nafasi iliyopangwa. Kama kenchi zilikuwa zikae sentimita 90 kutoka moja hadi nyingine, hizi zisogezwe hadi 50. Maana yake zitahitajika karibu mara mbili. Rahisi ya dukani imekuwa ghali juani.

Kwa upande wa milango nako kuna mtego mdogo. Vijana wa useremala hukata mlango kwa kutumia jina: fremu ina miimo miwili ya inchi mbili, basi wanatoa inchi nne kwenye nafasi ya ukuta. Lakini mwimo uliopigwa randa ni milimita 44. Miimo miwili ni 88, wala si 102. Mlango unatoka mdogo kwa sentimita moja na nusu, panya anapita, upepo unapita, na mwenye nyumba anasema fundi hajui kazi. Mbao ikishafika, pima hiyo uliyoishika, ndipo ukate.

Na ukienda kununua, usimwulize mwuzaji kama ana mbili kwa nne. Atasema anayo. Uliza ni mbichi au kavu, ya msumeno au ya randa, halafu toa tepu. Pima kila kipande sehemu tatu, kwa sababu msumeno wa mkononi huyumba, mbao inaweza kuwa nene mwisho huu na nyembamba mwisho ule. Ya msumeno, isiyopigwa randa, usikubali ishuke chini ya milimita 44 kwa 93. Sababu za haki zinaishia hapo. Kama tepu huna, tafuta tepu ya fundi cherehani, inatosha. Na kwenye karatasi ya manunuzi usiandike jina peke yake. Andika na milimita.

Mwuzaji amekubali kurudisha mbao mbili kati ya zile nne. Mbili amekataa, anasema zimeshapigwa misumari, na ni kweli zimepigwa. Wazazi wataamua Jumamosi saa tatu asubuhi hapohapo kwenye kibanda kama wataongeza mchango au watapunguza ukubwa wa paa. Fundi atakuwepo. Ameomba tepu ishikwe na mzazi yeyote, si yeye. Mimi pia nitakuwepo, na mke wake ameniambia niende na kile kinasa sauti, ili nitakachosema pale kisikike pia hapa.

Ujumbe wenu uendelee kuja kwa namba ileile. Nitausoma, ila kuanzia leo, ukimtaja mtu, nitakwenda kumsikiliza kwanza.

[Muziki wa kipindi unapanda.]